Mapafu ya Kusomea

Subira alipata C ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne. Chuo cha uuguzi kinataka C kamili, na katika Biolojia kinataka C pia. Biolojia yake ilikuwa D ya kujumlisha. Hiyo ndiyo shida. Sina namna ya kuipamba.

Alinisomea matokeo kwenye simu, amesimama uani hapa nyumbani Kondele, mjini Kisumu. Mamake, Khadijah, alikuwa ameshika beseni la nguo na hakuna aliyekumbuka kuzianika. Mimi niliacha shule darasa la sita. Hizo herufi sizijui vizuri.

"Hiyo kutoa," nikamuuliza, "ni kitu kikubwa au kidogo?"

"Ni kidogo, Baba."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kufungiwa mlango."

Hakulia. Aliingia ndani akalala siku mbili, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Kwa nini uuguzi? Mamangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wake ulioza kidole baada ya kidole. Subira alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyeosha kile kidonda, asubuhi na jioni, miaka miwili, bila kuziba pua. Mimi ninayeshinda kwenye damu nilikuwa natoka nje. Siku moja muuguzi wa zahanati alikuja kumtazama mgonjwa, akauliza nani anayefunga bandeji vizuri hivi. Tukamwonyesha mtoto wa sare ya shule ya msingi, anakula muwa mlangoni. Tangu siku hiyo hakutaja kazi nyingine.

Wiki ile ya matokeo kila mtu alikuwa na ushauri. Ajifunze kusuka. Aende hotelini. Jamaa mmoja alinivuta kando akasema anamjua mtu mjini anayeweza kurekebisha cheti, herufi moja tu, hakuna atakayejua. Nikamuuliza kama angependa kudungwa sindano na mtu mwenye cheti cha namna hiyo. Akakumbuka ana haraka.

Khadijah ndiye aliyekata maneno. "Atarudia mtihani. Masomo yote saba. Mwaka mmoja si kitu."

Mwaka mmoja ni kitu. Lakini tulikubali, na Subira akajiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mchana alisoma mwenyewe nyumbani. Jioni alienda kwenye darasa la warudiaji katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko, ambako Biolojia ilifundishwa na Mwalimu Nabututu, mama mmoja wa Bungoma aliyestaafu lakini hakukubali kupumzika.

Sasa niseme kazi yangu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoingia. Mimi ni mchinjaji. Katika kichinjio chetu wafanyakazi wengi ni Wakristo, Wajaluo na Waluhya, lakini anayeshika kisu cha koo lazima awe Mwislamu, ili nyama iliwe na kila mtu mjini. Mwislamu huyo ni mimi, Idd, kwa miaka ishirini na sita. Baada ya kuchinja, mnyama huinuliwa kwa mnyororo wenye ndoano, na mimi husaidia kumpasua. Kwa hiyo mwili wa ng'ombe naujua kama mtu anavyojua chumba chake cha kulala.

Jioni moja mwezi wa tatu nilimkuta Subira anakariri kitabu macho yamefungwa, mdomo unakimbia kama redio. Nikamwambia afunge hicho kitabu.

"Unakariri nini?"

"Viungo vya ndani, Baba. Vinakaa wapi, vinafanya nini. Ndivyo vilivyoniangusha."

"Mimi naviona kila siku. Niulize."

Alicheka kwanza. Halafu akauliza. Tukaanza hivyo, kila jioni akitoka darasani, mimi na chai yangu, yeye na daftari. Sikujua majina ya kitabuni, lakini nilijua rangi, uzito, kipi kinashikana na kipi, kipi kikipasuka kinaharibu nyama. Nilimpangia kutoka juu kwenda chini, kama ninavyoona kazini. Juu kabisa figo, zimejificha ndani ya mafuta. Chini yake maini na nyongo. Chini ya maini kuna ngozi nyembamba imetandazwa kama turubai. Chini ya turubai mapafu, na moyo katikati. Mwisho, koo.

Aliandika yote. Alikuwa na furaha. Mimi pia, nisidanganye. Mtu wa darasa la sita anamfundisha mtu wa kidato cha nne.

Mwezi wa tano wakafanya jaribio. Kesho yake Mwalimu Nabututu alikuja nyumbani kwetu na karatasi mkononi, akakataa kiti.

"Baba Subira, nani alimwambia huyu mtoto kwamba maini yanakaa juu ya mapafu?"

"Mimi."

"Na figo juu ya maini?"

"Ndivyo zilivyo, Mwalimu. Nimeziona miaka ishirini na sita."

Alinitazama kama anayepima kama nimekunywa kitu. Akanipa karatasi. Subira alikuwa amechora mtu, mchoro mzuri, safi, kila kitu kimeandikwa jina. Figo zilikuwa mahali pa mabega. Moyo ulikuwa chini ya kitovu. Na juu ya yote hayo alikuwa ameweka kichwa cha mtu, anatabasamu.

Nilipitisha macho kwenye mchoro kutoka juu kwenda chini. Halafu nikaona. "Mwalimu," nikasema, "ng'ombe wetu tunamtundika kwa miguu ya nyuma."

Mwalimu Nabututu alinyang'anya karatasi, akaigeuza juu chini. Akaitazama. Akapita kila jina kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Kisha alikaa kwenye kile kiti alichokikataa, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.

"Ni sawa yote! Kila kitu kipo mahali pake. Hata kile kimrija cha nyongo ambacho hakuna mwanafunzi wangu mwingine hata mmoja aliyekichora. Ila mtu wako ananing'inia, Mzee!"

Subira alikuwa amesimama mlangoni, ameziba uso kwa mikono miwili. "Nimepata sifuri kwa sababu ya ndoano, Mwalimu?"

"Umepata sifuri kwa sababu ya babako." Alijifuta macho. Halafu akageuka mwalimu tena. "Sikiliza, Mzee. Huyu mtoto akiona kitu kwa macho hakisahau tena. Kitabu kinamchosha. Mwonyeshe. Lakini mwonyeshe kikiwa kimesimama wima kama binadamu."

Kumwonyesha kulikuwa na maana moja: nilete nyumbani koo, mapafu, moyo na maini vikiwa vimeshikana, nivitundike kwa koo. Subira hakuweza kuja kichinjioni, sakafu ile wanawake hawaingii. Na kununua, nilipiga hesabu. Maini ya ng'ombe mmoja peke yake yalikuwa zaidi ya malipo yangu ya siku tatu.

Lakini kuna viungo visivyouzwa. Mkaguzi wa nyama, Bwana Muturi, mtu wa Nyeri anayeongea kama analipia kila neno, hupasua kila ini na kila pafu. Akiona minyoo au malengelenge ya maji, anakata mikato mitatu kama alama na kukitupa kiungo hicho kwenye shimo lenye kifuniko cha chuma. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa tena.

Nilimwomba.

"Hapana," akasema Muturi.

"Si ya kula. Ni ya mtoto kusomea."

"Nimesikia. Hapana."

"Nipe sababu."

"Sababu ni sheria, Mzee Idd."

Mimi sheria isiyo na sababu huwa hainiingii. Ijumaa moja mwezi wa sita Muturi alikataa maini na mapafu ya ng'ombe mmoja, yote yameshikana bado na moyo na koo, akaitwa kwenye simu kabla ya kuvitupa. Nilivitia kwenye gunia langu la nguo za kazi, nikatoka nalo getini. Niliona ni kama kuokota kitu jalalani.

Jumamosi mchana nilipigilia msumari juu ya mlango wetu nikatundika, koo juu. Upande mmoja wa mapafu ulikuwa na mikato ya Muturi na malengelenge mawili yaliyonyauka. Nikaufunga kwa kamba pale unapoanzia. Upande wa pili ulikuwa mzima. Nikaingiza mrija wa pampu ya baiskeli kwenye koo, nikamwambia Subira apige.

Alipiga. Kile kitu kilichokuwa kimelala kama kitambaa cha kupangusia kikaanza kujaa, kikabadilika rangi kutoka nyekundu ya giza kuwa waridi, kikainuka, kikawa kikubwa kuliko nilivyotarajia hata mimi. Watoto wa ploti, hizi nyumba za kupanga zenye ua mmoja, walipiga kelele. Magdalene, jirani yetu anayeuza matumbo sokoni, alisimama na karai lake kichwani.

"Baba Subira! Leo unauza hewa?"

"Hewa ni bure, Mama. Pampu ndiyo ya kulipia."

"Jamani, Khadijah, bwanako ameharibika!"

Subira hakusikia hata mmoja wetu. Aliacha pampu, mapafu yakanywea, akapiga tena. Kisha akaingiza kidole kwenye moyo, akaupasua, akahesabu vyumba vinne kwa sauti. Alifuata mshipa kwa ncha ya kalamu kutoka moyoni mpaka kwenye pafu. Alitundua, akavilaza, akatundika tena. Alichora mara tano. Mchoro wa tano ulikuwa na mtu aliyesimama wima, na vitu vyote ndani yake vikiwa vimesimama naye.

"Baba," akaniambia, "sasa hata nikifumba macho vipo."

Nimechinja wanyama wasio na idadi. Sikuwahi kufikiri kuna kitu ndani yao kingeweza kumfanya mtoto wangu awe na uso ule.

Jioni nilichimba shimo nyuma ya choo nikafukia. Nilichimba shimo la mtu aliyechoka. Usiku mbwa wa Magdalene, anaitwa Polisi, alifukua. Asubuhi alikuwa barabarani mbele ya bucha la Uzair, anatafuna pafu lenye mikato mitatu. Kila mwenye bucha anaijua ile mikato.

Jumatatu walikuwa watatu ofisini wakinisubiri: Waliaula mwenye kichinjio, Muturi, na Uzair ambaye ameswali kando yangu miaka kumi na mitano.

"Ni nani aliyetoa?" Waliaula akauliza.

"Ni mimi."

"Umeuza mara ngapi?"

"Sijauza. Mtoto amesomea."

Uzair alicheka kwa pua. "Mtoto amesomea mapafu. Bwana Idd, ukitaka kudanganya tafuta uongo unaofanana na ukweli."

"Ningetafuta kama ningekuwa nadanganya."

"Watu wanakula kwa mkono wako! Wanakula kwa sababu ni wewe uliyesema bismillahi! Sasa nitawaambia nini wateja?"

Hapo alikuwa na haki. Muturi aliniamini, niliona machoni, lakini aliandika ripoti kama ilivyotakiwa. Waliaula alinisimamisha kazi mpaka mwisho wa mwaka. Nikamwachia aproni yangu mezani.

Jioni ileile Muturi alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kunisema zaidi. Alikuwa na vidonge vya mbwa kwenye bahasha.

"Huyu mbwa afungwe. Apewe hivi leo, na tena baada ya wiki nne," akasema. "Kinyesi chake kizikwe, kizikwe kweli, si kama ulivyozika yale mapafu."

"Kwani mbwa ana kosa gani?"

Akamwomba Subira daftari. Muturi, mtu yule wa maneno matatu, alikaa kwenye ngazi yetu karibu saa nzima akichora. Yale malengelenge ni watoto wa mnyoo. Mbwa akila, wanakuwa minyoo mikubwa tumboni mwake baada ya wiki kama tano au sita. Halafu mayai yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, udongo, mikono ya watoto. Mtoto akila na mkono huo, lengelenge linaota ndani ya ini lake au pafu lake, polepole, miaka na miaka, hajui.

Nilimtazama Polisi, amefungwa kwenye mti wa Magdalene, anatikisa mkia. Katika ploti yetu kuna watoto kumi na mmoja.

"Ungeniambia hivyo siku ile," nikamwambia Muturi, "nisingegusa."

"Ungenitii siku ile," akasema, "nisingekuwa hapa."

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Nilibeba magunia ya viazi sokoni na vijana wenye nusu ya umri wangu, wakiniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, na kunipa magunia mepesi kwa huruma, jambo lililonikera zaidi. Khadijah aliuza friji. Dada yake aliyeolewa Port Victoria alitutumia omena, wale dagaa wa ziwani, kila mwezi, na tulikula omena kwa kila namna ambayo omena huliwa. Majirani nao wakabadilika. Wakaanza kuvuta watoto wao ndani tukipita. Nilidhani ni maneno ya Uzair yamefika.

Mwezi wa nane Subira alinikuta nikikanda bega kwa maji moto.

"Baba, kuna kazi kwenye duka la simu. Wanataka mtu mara moja."

"Na mtihani?"

"Nitafanya mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine bega langu halipo. Kaa usome."

"Ni mimi niliyesababisha..."

"Aliyetoa gunia getini ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi usinipokonye kosa langu. Soma."

Alisoma. Mwezi wa kumi na moja alifanya mitihani yote saba. Siku ya karatasi ya Biolojia, alipotoka, alikula omena yake yote na kuomba nyingine. Mwezi wa kwanza matokeo yakaja: C kamili. Biolojia, B ya kutoa. Mwalimu Nabututu alipiga kigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Lakini C kamili inakufikisha mlangoni tu. Tuliomba nafasi katika chuo cha hospitali moja ya misheni, mwendo wa saa moja kutoka Kisumu. Nafasi zilikuwa arobaini. Walioitwa kwenye mahojiano walikuwa mia moja na sitini, na mzazi alitakiwa kuingia na mtoto wake, kwa ajili ya kuulizwa habari za karo. Tukiwa kwenye benchi nje nilimnong'oneza Subira, "Usitaje kichinjio."

"Wakiuliza?"

"Nani atauliza?"

Ndani walikuwa watatu mezani. Aliyeongoza alikuwa mkuu wa chuo, mama wa miaka kama sitini, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alitazama karatasi za Subira kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Herufi zako zimegusa mstari," akasema. "Huko nje kuna watu wana B. Nikuchukue wewe kwa nini?"

Subira alikohoa. "Naweza kuosha kidonda, Mama. Nilimuuguza nyanya yangu."

"Wengi wameuguza nyanya zao. Lakini hapa naona kitu. Mwaka wa kwanza Biolojia D ya kujumlisha. Wa pili B ya kutoa. Hiyo ni ngazi kubwa. Nani alikufundisha?"

"Mwalimu Nabututu."

"Peke yake?"

Subira alinitazama. Nikatikisa kichwa kidogo, hapana. Akamgeukia yule mama.

"Na baba yangu. Yeye ni mchinjaji. Aliniletea mapafu na moyo nyumbani, nikajifunza kwa kushika."

Mzee mmoja aliyekaa kushoto mwa meza alitabasamu. Mkuu wa chuo hakutabasamu. "Alinunua?"

"Hapana. Yalikuwa yamekataliwa na mkaguzi. Aliyachukua bila ruhusa."

"Aliiba."

"Ndiyo, Mama."

Niliangalia viatu vyangu. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, turudi Kondele.

"Na ubaya wake ulikuwa nini," yule mama akauliza, "mbali na wizi?"

Subira alieleza. Mnyoo, mbwa, udongo, mkono wa mtoto, ini la mtoto. Alieleza kwa mpango, bila kukimbia, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alisema mimi sikujua, na kutojua kwangu hakukupunguza hatari. Alisema mbwa wa jirani alipata dawa siku ya pili.

"Kwa hiyo hatari ilikwisha," akasema yule mzee.

"Kwa mbwa huyo. Hatukujua kama kuna mbwa wengine waliokula usiku ule. Kwa hiyo nilienda mlango kwa mlango. Nyumba saba. Niliwaambia kina mama kilichotokea na kwamba kilitoka kwetu, wawaoshe watoto mikono kabla ya kula, wasiwaache wacheze na mbwa wasiowajua. Na wale wenye wasiwasi niliwasindikiza zahanati."

Niliinua kichwa. Hilo sikulijua. Miezi yote ile, milango ikifungwa tukipita, nilikuwa namlaumu Uzair.

"Walifurahi kuambiwa?" mkuu wa chuo akauliza.

"Hapana. Mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Wengi waliacha kutusalimia."

"Na ulijua wataacha?"

"Nilijua."

Yule mama alivua miwani. Akanigeukia mimi. "Mzee, anayosema mtoto ni kweli?"

"Ni kweli. Nilikosea."

"Ungefanya tena?"

"La. Ningenunua."

"Kwa pesa gani? Si imeandikwa hapa kwenye fomu kwamba huna?"

"Ningeuza friji mapema."

Yule mzee alicheka wazi. Mkuu wa chuo aliandika kitu kifupi, akafunga faili. "Vyumba vya wasichana ni baridi," akamwambia Subira. "Ukipata barua, uje na blanketi mbili."

Barua ilikuja baada ya siku kumi na tatu. Mwezi wa tatu nilimpeleka na sanduku, ndoo, na blanketi mbili. Sasa yupo mwaka wa kwanza. Anapiga simu Jumapili, ananiuliza rangi ya bandama ikiwa imevimba, nami namwambia.

Watu huniuliza ilinigharimu nini. Nitasema kama ilivyo. Mwaka mmoja wa umri wa Subira. Miezi sita na nusu bila kisu. Friji moja na pete ya ndoa ya Khadijah, ambayo aliniambia imeanguka na nikajifanya nimeamini. Ada ya mtihani mara ya pili, na ada ya darasa la jioni miezi tisa. Vidonge vya mbwa mara mbili, Muturi alilipa vya kwanza, mimi vya pili. Bega la kulia, mkono wake haupandi juu ya sikio. Niliporudi kazini nilikuta wameajiri mchinjaji mwingine, kijana mzuri, kwa hiyo nachinja siku tatu kwa wiki badala ya sita. Uzair ananijibu salamu msikitini lakini hanunui mnyama niliyemchinja mimi. Na nyumba saba za ploti: nne zinatusalimia. Tatu bado.